Tanuri la Warumi Lililogunduliwa Segese

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wa dini, na wazee wa jadi mliokaa nyuma kwa hiari yenu. Makamanda wa sungusungu. Wenye maduara ya kuchimbia, wenye makarasha ya kusagia mawe, na madalali wa dhahabu mliotoka Katoro. Wakulima wa Didia mlioletwa na lori mkiambiwa ni ugawaji wa mbegu. Na wewe uliyesimama juu ya bodaboda ili unione vizuri, shuka, ila endelea kuniona. (Makofi.) Itifaki nimeizingatia, nayo imenizingatia.

Mimi, Selestine Bujiku, Mratibu Mwandamizi wa Mambo ya Kale na Maendeleo Yajayo, nasimama hapa nikiwa na furaha iliyofanyiwa upembuzi yakinifu, kuwatangazia kwamba ndani ya eneo hili nililolizungushia utepe wa njano, yamegunduliwa mabaki ya kiwanda cha mikate cha Warumi wa kale. (Makofi ya watu saba. Mbuzi analia.)

Mtauliza niligunduaje. Nilihudhuria semina ya siku tisa Dodoma, na siku ya nane, baada ya chai, tulioneshwa picha za kiwanda cha mikate cha Warumi kilichofukiwa na majivu ya volkano huko Italia: tanuri la mviringo lenye kuba, mawe ya kusagia, na mkate uliogeuka mkaa, umegawanywa vipande vinane. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikariri. Basi miezi minne iliyopita, nikipita hapa Segese kwa majukumu ya kitaifa, yaani kutafuta kitafunwa, nikaona tanuri la mviringo lenye kuba, na pembeni mawe mawili ya kusagia. Nikasimamisha gari, nikasimamisha na shughuli zote za eneo hili, nikaagiza utepe na sungusungu wanne. Kesho yake tukafungua tanuri mbele ya mashahidi, tukakuta mkate mweusi tii, vipande vinane. Ndugu zangu, nililia. (Sauti ya mwanamke: "Hata mimi nililia.")

Huyo ni Nyamizi, Mama Noela, mwoka mikate, mdau wetu muhimu sana. Ameniandikia barua nne, na zote tumezihifadhi kwenye jalada zuri. Anadai tanuri hili alilijenga yeye na shemeji yake Mabula kwa udongo wa kichuguu na tofali za kuchoma. Anadai mawe yale yaliachwa na wachimbaji waliokuwa wakisaga mawe ya dhahabu kwa mkono kabla makarasha hayajafika. Anadai mkate ule aliuingiza mwenyewe asubuhi ile niliposimamisha gari, sungusungu wakamtoa kabla haujaiva, na akawasihi wamwache autoe wakakataa. Anasema tangu siku hiyo hajaoka hata andazi, wateja wake wa maduarani wamehamia kwa mwingine, na binti yake Noela amerudi nyumbani kutoka bweni. Madai haya yana uchungu, siyakatai. Lakini hayana picha, na mimi picha ninazo. (Minong'ono.)

Twende kwenye sayansi. Kwenye mawe yale tumekuta chembe za dhahabu. Ninyi watu wa Segese mtasema ni kawaida. Sayansi inasema Warumi walikula vizuri. Asilimia mia moja na nne ya wataalamu niliowahoji, nikiwemo mimi peke yangu, wamekubali. Kuna wapotoshaji wanaosema kila tofali la tanuri limeandikwa NDAKI 2018. Sasa mtu mkubwa na akili zake atashangaa Mrumi kuitwa Ndaki? Hashangai, kwa sababu majina husafiri. Na namwomba yule baba wa safu ya tatu anayenyoosha mkono akisema Ndaki ndiye yeye, aushushe, maana mtu wa miaka elfu mbili anahitaji kupumzika. (Kicheko kirefu.)

Mradi huu, kwa mujibu wa mkakati, utaleta makumbusho ya ghorofa tatu, hoteli yenye bwawa, chuo kikuu cha mkate, na watalii laki nane kabla ya masika, ambao wengine watakuwa Warumi wenyewe wakija kutambua ndugu zao. (Mama Noela anasimama: "Mheshimiwa, ukishaukata huo utepe, mtu akiingia humo ndani atakuwa na kosa?")

Swali la kitaalamu. Mama, eneo nikishalizindua ni la umma. Anayetaka aingie, na sungusungu kazi yao inaishia hapo hapo. Nimesema mimi, na neno langu ni waraka. (Mama Noela anakaa, anakunja mikono ya blauzi.)

Naomba mkasi. (Mkasi butu. Utepe unakatika mara ya tatu. Makofi marefu kuliko yote.) Asanteni, asanteni. Naona Mama Noela ameingia na mzigo wa kuni. Naona Mabula naye na beseni la unga uliokwisha kuumuka. Hili halimo kwenye ratiba. Katibu wangu ananinong'oneza nimzuie, lakini nimzuieje, na watu wote hawa wamenisikia? Andika hivi: onesho hai la Mrumi akioka. (Moshi unapanda. Watu wanahamishia viti upande wa tanuri.)

Kabla sijamaliza, nikisema Roma, mseme Segese. Roma! (Watu wanatazama tanuri.) Roma! (Mbuzi.)

Basi nimshukuru mkandarasi ambaye bado hajapatikana, mfadhili ambaye hakujibu, na bingwa kutoka Italia ambaye hatukumwandikia kwa kukosa anwani. Niwashukuru ninyi mliokuja kuzindua mradi ambao, kusema kweli ya Mungu, mali yake yote ilikuwa ule utepe, na nimeshaukata. Mwabeja, asanteni sana. Na wewe Mama Noela, mkate wa kwanza ukitoka, naomba uletwe hapa meza kuu.

(Mama Noela, bila kugeuka: "Foleni inaanzia kule nyuma, mheshimiwa.")