Maili Thelathini Hadi Ukweni

Ijumaa, 4 Desemba 1964

Mimi, Chande wa Ukunda, ni mtu mwenye bahati. Hili halina ubishi. Leo huko Matuga, kwenye kujiandikisha mbio za Jamhuri, wanaume ishirini tumetia mikono kapuni, kila mtu achote nambari yake. Nani ameondoka na nambari moja? Mimi! Na mwenye nambari moja husimama mbele kabisa ya mstari. Bahati namna hii mtu huzaliwa nayo. Hata Bombay, nilipokuwa mpishi wa meli, waliniambia hivyo. (Nilikuwa namenya viazi. Lakini vililiwa.)

Mbio zenyewe ni kutoka kivukoni Likoni hadi uwanja wa Msambweni. Maili thelathini kwa miguu, Jumamosi ya wiki ijayo. Karani wa mbio, Bwana Katana, aliuliza kama kuna mwenye matatizo ya moyo. Nikasema ninayo, moyo wangu uko Msambweni kwa mama mkwe. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Maana ukweli ni huu. Mke wangu Mwanarusi yuko kwao, mwezi wa pili sasa. Aliondoka kwa sababu ya kisima. Nilikichimba hadi kiunoni nikapumzika, mbuzi wa mama yake akatumbukia. Kabla ya kisima palikuwa na paa: makuti nimeezeka upande mmoja, upande wa pili tunatazama mawingu. Kabla ya paa palikuwa na shule: nimesoma hadi darasa la nne, la tano nikalitazama dirishani. Mwanarusi alisema, huku akifunga mzigo wake wa kanga: "Chande, nitarudi siku utakapomaliza jambo moja ulilolianza. Moja tu. Hata liwe kikombe cha chai."

Basi nimeingia mbio zinazomalizikia karibu na mlango wa kwao. Mtu asiye na akili angelifikiria hilo?

Jumapili, 6 Desemba

Mazoezi. Nimekimbia hadi msikitini na kurudi. Nimelala kidogo.

Jioni nimekutana na Athmani, mpeleka barua, ambaye kila siku huenda Tiwi na kurudi kwa miguu na mkoba begani. Naye yumo mbioni. Nambari kumi na tisa, maskini. Nikampa pole. Akaitazama fulana yangu yenye nambari moja kwa muda mrefu (wivu!), akasema hana neno, nambari haina miguu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama miguu yangu ndiyo hii au mingine nimeiacha nyumbani.

Nikamwambia Jumamosi atanijua kwa mgongo. Akasema mgongo wangu anaujua zamani: alikuja kunisaidia kuezeka, nikashuka kunywa maji, nikamwacha juu ya paa hadi magharibi.

Mtu wa barua, ulimi kama wembe!

Jumanne, 8 Desemba

Nimepata hila. Wenzangu watakufa kiu njiani. Mimi nina mashangazi watatu, wote kando ya barabara, kana kwamba serikali imewapanga kwa ajili yangu: Bi Asiya yuko Waa, Bi Mwanafatuma Tiwi, Bi Khamisa hapa Ukunda. Hawapatani tangu arusi yangu, kwa sababu ya nani aliyeunguza biriani.

Nimewaendea mmoja mmoja. Nimeomba maji tu, kata moja mlangoni, ninywe nikipita. Na kwa kuwa najua kusema na watu wazima, kila mmoja nimemnong'oneza kwamba nimemchagua yeye peke yake, wale wengine nisingewaamini hata kwa maji. Wote watatu wamelia. Wallahi, nina maneno mimi.

Alhamisi, 10 Desemba

Hila ya pili, ya akiba tu. Kombe ni dereva wa lori linalopeleka magunia matupu Ramisi, na hupita Ukunda kila Jumamosi adhuhuri. Nimemwomba, akinikuta nimechoka, anibebe kidogo. Kidogo tu! Anishushe kwenye minazi kabla ya Msambweni, nimalizie kwa miguu kiungwana. Kombe akauliza kama huo si wizi. Nikamweleza: wizi ni kuchukua kitu cha mtu. Barabara ni ya wananchi, tumeshapata uhuru. Akakuna kichwa. Akasema nikitaka kushuka nigonge kibanda cha dereva, maana yeye akishika usukani hageuki nyuma.

Hila ya tatu: mafuta ya nazi mwili mzima, upepo uteleze.

Jumapili, 13 Desemba

Jana sikuandika. Miguu iligoma, na mikono ikaihurumia.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Nambari moja mbele, ninang'aa mafuta kama taa ya meli. Hadi Ng'ombeni nilikuwa wa kwanza. Niandike tena: wa kwanza!

Waa. Bi Asiya mlangoni. Maji yapo, kata imekaa kizingitini. Lakini ndani mkeka umetandikwa, mahamri yanatoa moshi, mbaazi za nazi zimejaa bakuli. Nikasema shikamoo shangazi, niko mbioni. Akasema marahaba, kwani mbio zinakataza kukaa? Mwanangu amenichagua mimi peke yangu, nimeamka kabla ya jogoo kwa ajili yake, leo anipite mlangoni kama mkusanya kodi?

Nikakaa. Mahamri sita. Dirishani nikamwona Athmani, ambaye kila mlango wa njia hii unamjua, anapewa kata yangu ya maji. Akanywa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

Tiwi. Bi Mwanafatuma: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akaninusa. Akauliza haya mafuta mdomoni nimeyatoa kwa nani. Nikasema ni ya kujipaka, shangazi. Akasema haya, kula basi tuone kama una njaa. Nikala sahani mbili kuthibitisha. Athmani alikuwa amesimama kuwaamkia wazee wa nyumba ya pili. Akapitia hapo, akanywa maji yangu tena, akachungulia: "Nambari moja, hiyo sahani ya maili ya ngapi?"

Nikamwonyesha koo kwa kidole. Nilikuwa na mwiba wa samaki.

Ukunda. Bi Khamisa. Pilau, sinia zima, na majirani wamealikwa waje kumwona mpwa wake anayempenda yeye tu. Kila tonge, vigelegele. Nilipotoka pale sikuwa nakimbia, nilikuwa nabingirika. Wenzangu wote walishapita, hata mzee mmoja wa Matuga mwenye bakora. Nikakaa kando ya barabara na tumbo langu, kila mmoja na mawazo yake.

Ndipo lori la Kombe likatokea.

Ndiyo, nilipanda. Magunia laini kama godoro la tajiri. Nilijiambia: minazi ikitokea tu, nagonga. Nikafumba macho kidogo, nisiione aibu yangu.

Niliyafumbua Ramisi. Wapakuzi wawili walikuwa wamenishika miguu, wanabishana kama mimi ni mzigo wa leo au wa juzi. Kombe akanitazama. "Hukugonga," alisema. Kweli. Sikugonga.

Msambweni iko maili saba nyuma! Kombe akanihurumia. Akasema nilale kwake, kesho nirudi na basi kimya kimya, niseme nilishikwa na homa njiani. Hila safi, kuliko zangu zote tatu. Sijui kwa nini sikuichukua. Nilikumbuka kile kikombe cha chai, basi. Nikaanza kukimbia. Maili saba, jua la utosi, pilau inapanda na kushuka, bila hila hata moja mfukoni.

Saa kumi na moja jioni nikaingia uwanjani. Wachache waliobaki walikuwa wamekaa wanatazama njia ya Likoni. Mimi nikawatokea mgongoni, kwa njia ya Ramisi. Tena yale mafuta ya nazi yalikuwa yamekamata nyuzi za magunia, nimeota manyoya kutoka kisogoni hadi vifundoni. Mbuzi wa mama mkwe, aliyefungwa hapo karibu, alinitambua akakata kamba.

Bwana Katana akauliza natoka wapi. Nikamjibu nilikuja kwa kasi nikaupita utepe wasinione, nikashindwa kusimama hadi Ramisi. Athmani, aliyewasili wa kwanza tangu saa tano na nusu na kupewa zawadi ya baiskeli, alicheka akaiangukia kengele yake. Katana akaandika daftarini, akisoma kwa sauti: "Nambari moja. Amefika. Upande haueleweki."

Mwanarusi alikuwepo. Alikuja akanichomoa uzi mmoja shavuni, akautazama. "Gunia," alisema.

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, una hadi jina la daktari. Haukutoka. Nikamweleza yote: mashangazi, mikeka mitatu, lori, kibanda nisichogonga. Alicheka hadi akakaa chini vumbini. Kisha akaacha kucheka. Akauliza kutoka Ramisi hadi hapa nilikuja na nini. Nikasema miguu. Akauliza hakukupita gari? Nikasema yalipita mawili, moja lilisimama.

Akauviringisha ule uzi wa gunia kidoleni.

"Basi hilo umelimaliza," alisema. Akaenda kufunga mzigo wake. Mama yake akasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 16 Desemba

Mwanarusi yuko nyumbani. Nyumba inanukia viungo, mimi naimba. Sharti lake ni moja: paa liishe leo, kabla ya mvua. Athmani amekuja kunisaidia. Mtu mwema mno, anaudhi.

Nimefunga makuti manne. La tano likiwa mkononi, wazo likanijia kama umeme. Mwakani wenzangu wote wataanzia Likoni. Mimi nianzie Ramisi! Maili saba tu, njia naijua, na upande huo sina shangazi hata mmoja. Nimeshuka mara moja kuliandika lisije likapotea. Ngazi nimeisogeza kidogo, ilikuwa inanizuia mwanga wa kuandikia. Athmani anaita kutoka juu, anauliza ngazi iko wapi. Mwanarusi naye anaita kutoka jikoni: "Chande! Manyunyu hayo!"

Nakuja. Kwanza niandike neno moja, kwa kuwa fulana ya nambari moja ndiyo niliyovaa, na Athmani amekuwa akiitazama tangu asubuhi bila kusema kitu, nayo inaniwasha.

Ile bahati ya kapuni ni uongo. Nilichota kumi na tisa. Moja aliichota Athmani, akaiacha juu ya benchi akawahi sala ya Ijumaa. Nikazibadilisha, kisha nikaenda kuswali nyuma yake.