Mzazi Atatembea kwa Miguu

Kwa fahari kubwa, Idara yetu inawatangazia wananchi kwamba ulevi wa watoto barabarani umekwisha. Tumeutungia sheria. Aliye chini ya miaka kumi na minane akikutwa amelewa kwenye usukani, hapati leseni mpaka akomae, na mzazi wake anatembea kwa miguu mwaka mzima. Kipengele cha mzazi alikiongeza Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. "Hata awe mtoto wa nani!" alisema, na mimi, katibu wake, nikawa wa kwanza kupiga makofi.

Tuliipongeza sheria nyumbani kwake jioni ya kuamkia uzinduzi. Ilipongezwa sana. Chupa zilizobaki tuliziacha sebuleni, kwani hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuziinua.

Asubuhi madereva wote wa Idara walikuwa kwenye semina ya kutii sheria. Kwa hiyo Mkurugenzi aliletwa kwenye uzinduzi na binti yake wa miaka kumi na saba. Gari liliegeshwa katikati ya bustani ya maua. Tukashangilia, tukidhani imo kwenye ratiba.

Askari wa trafiki, mama mmoja asiyejua kuogopa vitambi, akasogeza kipima ulevi dirishani.

"Puliza, mwanangu."

Kikalia.

"Kibovu hicho!" Mkurugenzi akafoka.

"Basi puliza na wewe, mzee, tukijaribu."

Mkurugenzi akatambua ghafla kwamba kifaa ni kizima. "Kwanza huyu si mtoto. Ana miaka kumi na tisa."

"Mtu mzima anakwenda mahabusu. Akiwa mtoto, unatembea wewe. Amua, mzee, watu wanangoja."

Akamtazama binti. Akalitazama gari, jeusi, lenye kiyoyozi na bendera ndogo.

"Kumi na tisa," akasema.

"Baba?" binti akaita kwa sauti ndogo. Hata mimi niliyezoea mambo ya ofisi, roho iliniuma.

Mkewe akainuka kwenye viti vya wageni. "Kumi na tisa? Kwani ulimzaa wewe, huko ofisini?" Akalifikia gari, akachomoa funguo, akamkumbatia binti yake. "Afande, huyu ana kumi na saba. Mwache huyo atembee."

Sasa Mkurugenzi huja kazini kwa miguu, nami nyuma nimebeba mkoba wake. Kwenye taarifa matembezi hayo tunayaita ukaguzi wa barabara. Tukifika njia panda, yule mama trafiki husimamisha magari yote, akatushika mikono, akatuvusha kama watoto wa chekechea.