Jiwe la Nuksi kwa Nguruwe Mmoja

Jumatatu, 3 Oktoba 1853, Joachimsthal. Shimo la madini ya fedha la marehemu baba limenifikisha pabaya. Nimechimba, nimekuta jiwe jeusi, zito. Jiwe la nuksi! Kila mchimbaji hapa analijua: likitokea, fedha imekwisha, funga virago. Nimemwambia mke wangu Apolonia peke yake. Kasema basi tutakula kabichi mpaka Pasaka.

Jumanne, 4. Akili ninayo. Jirani yangu Kilian ana nguruwe mnono, na shimo langu analimezea mate tangu ujanani. Nimekwenda kwake nikiugua mgongo. Nikamwambia shimo nitampa kwa yule nguruwe tu. Kasema atakuja kulikagua Alhamisi.

Jumatano, 5. Kutwa nzima natoa mawe meusi shimoni, Kilian asiyaone kesho. Niyatupe wapi? Nyuma ya banda la Kilian, yeye yuko sokoni! Nimeyafunika kwa majani ya kabichi. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Alhamisi, 6. Tumeshikana mikono. Kilian kanipa pole ya mgongo, mjinga yule. Nguruwe nimempa jina: Fedha.

Jumamosi, 8. Balaa. Kaja mtaalamu wa serikali kutoka Vienna. Anatafuta jiwe jeusi! Lina urani, kasema, ya kutia glasi rangi ya manjano, na analilipia vizuri. Tukamuuliza limetokana na nini. Kasema zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mwamba yakiwa na madini ndani yake. Yalipopoa yakaacha fedha hapa, urani pale, kama maji yanavyoacha ukoko ndani ya birika. Kilian kamwonyesha shimo. Kisha lundo la nyuma ya banda. Kaniambia, "Ndugu yangu Vendelin, aliyenitupia baraka hizi simjui, lakini nikimpata nitambusu." Nimeona uchungu mpaka nikashindwa kula.

Jumapili, 9. Apolonia kasema nitulie, angalau nguruwe tunaye. Nitatuliaje? Mtaalamu kasema mwenyewe: ufa na maji ya moto, basi. Ufa ninao, ukuta wa nyuma ya jiko.

Jumatatu, 10. Nimempa Kilian nguruwe wake, kanipa sufuria lake kubwa la shaba. Hata hakuuliza la nini. Mjinga yule! Nimeshamimina sufuria kumi na mbili za maji ya moto ufani. Apolonia analia kwamba kazi ile ya mwambani ilichukua miaka isiyohesabika. Nimemjibu kuwa wakati ule hapakuwa na mtu wa kuchochea kuni.