Nyanya ya Lebo Nyekundu

Jumatatu, 17 Agosti
Siku tano tu! Jumamosi ni shindano la nyanya hapa kijijini, na mwaka huu jirani yangu Zapryan ataisoma namba. Miaka sita mfululizo nyanya yake ndiyo nzito kuliko zote. Miaka sita ananiita "Rangel, mzee wa pole sana". Basi! Mimi ni fundi bomba wa kituo cha utafiti. Kule wanahariri jeni za nyanya ili ziwe bora, na ni marufuku kutoka hata na jani. Mwezi wa tano nilitoka na chipukizi ndani ya buti la mvua. Nililikata kwa akili: kwenye mche mrefu kuliko yote, wenye lebo nyekundu. Mingine ilikuwa mifupi ya kutia huruma, inaishia gotini.

Jumanne, 18 Agosti
Nyanya moja ya mche wangu imefikia ukubwa wa kichwa cha mtoto! Iko nyuma ya zizi, nimeifunika shuka. Mke wangu Nedyalka anaitafuta shuka hiyo tangu asubuhi. Nimemsaidia kutafuta. Zapryan kachungulia uani, kauliza kama siku hizi nafuga mzimu.

Alhamisi, 20 Agosti
Nimekwisha! Jaji ni Daktari Tsvetelina. Yule yule wa kituoni! Ataitambua tu. Nitafukuzwa kazi, pengine nifungwe, na pensheni imebaki miaka mitatu. Nikamwambia Nedyalka najitoa. Akasema jina limeshaandikwa, tena amewaalika dada zake wote kutoka Plovdiv, kwa hiyo nikome. Nikaamua kula ushahidi. Nimekula saba ndogo, kwa jibini na pombe kali ya rakia. Ile kubwa imenishinda. Si tumbo, ni moyo. Ni nzuri mno.

Jumamosi, 22 Agosti
Nikaiweka yangu kwenye mizani. Gramu mia tisa na kumi! Zapryan akaweka yake: mia tisa na themanini. Kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru kushindwa. Wa pili nani amchunguze?

Lakini mila ni mila: nyanya hukatwa, watu wakaonja kwa chumvi. Zapryan akaonja yangu. Akaacha kutafuna. Akapiga kelele: "We Rangel! Hii nyanya ya marehemu bibi yangu hii! Mbegu umezitoa wapi, mwizi wee?"

Daktari akanigeukia. Nikakiri yote kwa pumzi moja, mpaka habari ya shuka.

Akacheka hadi akakaa chini. Akasema walizozihariri ni zile fupi. Ndiyo kazi yenyewe: ziive mapema, zisihitaji kuegemezwa kwenye mti. Lebo nyekundu ni mche ambao haukuguswa kabisa, wa kulinganishia tu. Na mbegu zake waliomba kwa Zapryan.

Sifungwi! Sifukuzwi! Nilimbusu daktari mkono, nikambusu na Zapryan, Mungu anisamehe. Furaha ilinijaa hadi nikamkumbatia shemeji nisiyempenda. Zapryan akatangaza kwamba sasa yeye ndiye wa kwanza na wa pili. Adhabu yangu ni kutengeneza mabomba ya kitalu cha vioo Jumapili nne bila malipo. Daktari kanipa funguo, kanionya mikono isiguse kitu chochote chenye majani.

Jumapili, 23 Agosti
Kituoni hakuna mtu. Nimepata nafasi ya kulitafakari kosa langu, na kweli nimejifunza: nilichukua mche mrefu! Leo nimekata mfupi. Umo ndani ya buti. Matunda yake kwa sasa ni madogo kama zabibu, lakini mche uliohaririwa, ukipata na samadi ya mbuzi wangu... Zapryan ajiandae.

Jioni Nedyalka kauliza shuka ya pili iko wapi. Nimemsaidia kutafuta.