Pacha wa Nuru na Boza la Kitangari

Kamati ya Kutambua Vitu Katikati ya Kelele ina furaha kuutangazia umma kwamba Newala imeingia rasmi katika sayansi ya kwanta. Mimi ndiye Katibu wa Kamati, kwa hiyo habari sahihi zaidi ya hii hamtaipata kwingine.

Chanzo ni boza la maji la Kitangari, lililopotea tangu msimu wa korosho uanze. Zahanati ilikauka kabisa. Dorika, mjamzito wa leo au kesho, aliambiwa akija kujifungua aje na maji yake. Mama yake, Veridiana, akaja ofisini na kina mama wenzake, wakapiga ndoo tupu chini ya madirisha hadi chai ikatushinda. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Silvano, aliyaainisha malalamiko yao kitaalamu: kelele.

Ndipo tukaagiza mtambo wa kwanta wa kulitafuta boza. Fundi wake, Nurdin wa Masasi, alitueleza kwamba unatoa chembe za nuru mapacha. Mmoja hutumwa nje kutafuta kitu, mwenzake hubaki. Kinachorudi hulinganishwa na aliyebaki. Kinachooana naye ndicho cha kweli, mengine yote ni kelele za kupuuzwa. Tulielewa upesi, maana kubaki ofisini ndiyo kazi yetu. Pacha aliyebaki tulimpa kiti, tukamwapisha kutunza siri.

Siku ya uzinduzi Mwenyekiti aliamuru ndoo zinyamaze. Nurdin akasema hakuna haja, mtambo umeundwa kwa vurugu hizohizo. Kina mama wakazidisha. Mtambo ukageuka taratibu, ukaelekea soko, ukaelekea stendi, ukaganda ukiuelekea ukuta wa nyumba ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti alifafanua kwa utulivu kwamba hiyo nayo ni kelele.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” alisema Veridiana. “Kelele gani ina matairi? Twende tukaione.”

Tulikwenda. Boza lilikuwa nyuma ya ukuta, mpira wake umezama katika kisima cha Mwenyekiti, kile cha kuvunia maji ya mvua, ambacho kwa maajabu kilikuwa kimefurika kiangazi. Kina mama walipanda juu ya boza, dereva akapelekwa Kitangari bila kuulizwa maoni. Jioni ile Dorika alijifungua mtoto wa kike, aliyeogeshwa kwa maji ya kutosha.

Naripoti kwamba lengo la Kamati limetimia. Ndoo zina maji, hazipigwi tena. Kelele iliyobaki ni ya Mwenyekiti, anayeshinda ofisini akieleza boza lilifikaje kwake. Tumeuelekezea mtambo maelezo yake. Umeyapuuza.