Maana Kumi na Mbili za Got

Jumatatu, 16 Septemba

Nafasi ni moja tu! Mwalimu Venant ametuita wazazi leo akatangaza: shule ya bweni ya masista itasomesha mtoto mmoja wa parokia yetu bure, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Waliobaki kwenye mchujo ni wawili. Kokushubira wangu, na Luhende wa jirani yangu Evelina. Jumamosi watasimama ukumbini, mmoja mmoja, dakika mbili kila mtu. Wataje maana za neno moja la Kiingereza, na kwa kila maana watoe neno jingine linaloweza kushika nafasi yake. Neno lenyewe: got.

Herufi tatu! Nilicheka. Jioni Koku kanieleza, kicheko kikaisha. Ukipokea barua, got. Ukinunua samaki, got. Ukifika nyumbani, got. Ukishikwa na homa, got. Ukielewa hesabu, got. Neno moja linafanya kazi za ukoo mzima, halipumziki hata Jumapili.

Sina wasiwasi. Sisi watu wa Bukoba kusoma kuko kwenye damu. Mimi niliishia la saba, lakini la saba la zamani. Nimeshawaambia wateja wangu wote wa dagaa pale Igoma kwamba Koku kapita. Tranka nimenunua. Fundi kaandika jina lake kwa rangi nyeupe isiyofutika.

Kwa hiyo lazima apite.

Jumanne, 17 Septemba

Mpango wa kwanza. Nimeandika maneno kwenye karatasi nikayabandika nyumba nzima kwa uji wa muhogo. Received mlangoni. Bought kwenye ndoo ya dagaa. Became kwenye kioo. Kazi safi, hata mwalimu asingeweza.

Kufika mchana kuku wamekula uji pamoja na karatasi. Arrived haipo kabisa. Caught, yaani kakamatwa, imeganda mgongoni kwenye shati la baba Koku, akaenda nayo mpaka kiwandani Nyakato. Mume wangu Severine ni mtu mpole, hagombi. Jioni kaniambia tu kwamba mlinzi wa getini anajua Kiingereza, na kwamba leo kapekuliwa mara mbili.

Koku kaomba nimwache asome mwenyewe. Maskini, woga unamsemesha.

Jumatano, 18 Septemba

Lazima nijue adui ana maana ngapi. Nimechukua kikombe, nikasema naenda kuomba chumvi kwa Evelina. Nikapitia nyuma, nikachutama chini ya dirisha. Luhende anasoma kwa sauti, hakwami. Nikahesabu kwa vidole. Kumi! Koku wangu ana tisa.

Mara kichwa cha Evelina kikachungulia juu yangu. Akauliza mama Koku, chumvi siku hizi inapitia dirishani? Nikasema nilidondosha hereni. Akasema pole, lakini mbona hereni zote mbili ziko masikioni?

Akanijazia kikombe mpaka juu, akaongeza na viazi vitamu. Akasema watoto wetu wote wana akili, Mungu atagawa. Huo ni usemi wa mtu mwenye kumi!

Alhamisi, 19 Septemba

Usingizi sina. Wateja wanauliza Koku anaondoka lini. Nawajibu Januari, huku dagaa namwaga nje ya mfuko.

Lakini akili ya Kihaya hailali! Nimegundua tatizo la mtoto. Maneno anayajua, ila akifika la sita anakwama kidogo, anatazama dari, ndipo anaendelea. Ule mkwamo ndio utakaotumaliza. Sasa nani atamlaumu mtoto kwa kunyamaza kama ukumbi mzima unampigia vigelegele?

Nimewakusanya akina mama sita wa jumuiya yetu. Mama Chenge anaongoza, kigelegele chake kiliwahi kusimamisha harusi ya watu wengine. Nimewaambia nikiinua kitambaa changu chekundu, pigeni. Mama Chenge kauliza, na kumtuza je? Nikasema mtuzeni, mtoto ni wenu.

Koku sijamwambia. Asije akajisikia.

Ijumaa, 20 Septemba

Koku hajala. Kucha amezitafuna zote. Jioni kaja jikoni, kakaa karibu yangu. Halafu kauliza, mama, nikikosa utakuwa bado unanipenda?

Nikamwambia hutakosa.

Akatikisa kichwa, akaenda kulala. Nadhani nimemjibu vizuri.

Jumamosi, 21 Septemba

Ole wangu.

Luhende alianza. Kumi, bila kukwama. Nikamwona Evelina amefumba macho, anasali.

Koku akasimama. Mwalimu Venant akabonyeza saa. Received! Obtained! Became! Arrived! Sauti kama kengele. Ukumbini joto, jasho likaniingia machoni. Nikajifuta.

Kwa kitambaa chekundu!

Mama Chenge akapasua kigelegele. Wenzake watano wakafuata, na waliokuwa nyuma yao nao wakaitikia, maana kigelegele hakikatai mwenzake. Nikawapungia mkono waache. Mkono ule ulikuwa na kitambaa! Wakazidisha. Mama Chenge akatoka mbele anacheza, akamfunika mtoto khanga, kichwa na vyote. Wa pili akaja na noti, akamtafuta kipaji cha uso ambacho hakionekani. Chini ya khanga naona midomo inakwenda, inakwenda, na hakuna anayesikia hata neno.

Saa ikalia. Sista mkuu akasema amesikia manne.

Koku akavua khanga, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama Chenge, akasema asante shangazi. Mimi hakunitazama. Njia nzima hakunitazama.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa Evelina, peke yake, kamfuata sista mkuu. Nilisogea kusikia, siyo kusikiliza. Alisema mwanawe hawezi kula nafasi ya mtoto aliyezibwa mdomo na mama yake. Asikilizwe upya.

Sista akakubali, kwa sharti moja: mimi nikae nje ya geti, upande wa pili wa barabara. Dakika mbili zikawa kama Kwaresima.

Koku akatoka. Kumi na mbili! Nafasi ni yake!

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nikamwambia hata ungetoka na moja ningekupenda. Akasema ungesema Ijumaa, mama. Kisha akalia, nami nikalia, barabarani, watu wanatuangalia.

Nikavuka kwa Evelina kumshukuru. Anacheka, lakini macho mekundu. Luhende kasimama pembeni, anakwangua ukuta kwa rula.

Jumatatu, 23 Septemba

Moyo unaniuma kwa ajili ya Luhende. Nimesikia seminari inapokea wavulana, usaili ni Jumatano. Nikamwambia Evelina mtoto wake atapata, niachie mimi. Akanishika mikono yote miwili, akasema mama Koku, nakuomba kwa Mungu aliye hai, usifanye lolote.

Nikamwambia sitafanya lolote.

Nimemwona padri wa seminari saa nane. Nimemwambia Luhende anasema Kilatini. Kafurahi sana, kasema Jumatano atamsaili kwa lugha hiyo mwenyewe.

Natafuta mtu mwenye Kilatini, Igoma au hata Mkolani. Awe na nafasi kesho.