Betri Mbili na Zamu ya Ndiva

Jumatatu, 10 Januari 1994
Ajabu! Redio ya Mjomba Kassimu imesema wataalamu wa ng'ambo wanapitisha umeme mdogo sana kwenye paji la uso. Hawapasui, hawachomi sindano. Baada ya hapo baadhi ya watu hupanga mambo vizuri zaidi, wengine wala. Daktari akaonya tusijaribu nyumbani. Kwetu hakuna umeme, kwa hiyo onyo halituhusu. Nimeshindwa kula. Kumbe kichwa hiki kilichofeli hesabu ni kitu cha kutiwa umeme!

Jumanne, 11 Januari
Mama ameteremka Same kumwuguza bibi. Ameniachia zamu yetu ya maji ya ndiva, bwawa la kijiji, keshokutwa. Zamu ikipita, maharage yamekwisha. Kazi yenyewe ndogo: Mzee Eliamini, mgawa maji, akiita jina, uitike. Mbele ya wanaume wote! Nahitaji mpango. Betri mpya zimejaa dukani kwa Bwana Isihaka siku hizi, ila kwetu ni za kuangalia tu. Nimechukua mbili za mjomba zilizokuwa zikiota jua kwenye bati. Bila shaka zimeshiba.

Jumatano, 12 Januari
Waya, vitambaa vya maji ya chumvi, khanga ya kufunga kichwa. Paji likawasha! Mipango ikamiminika. Nimepanga jembe, njia, pa kusimama, hata uso wa kuvaa. Doris wa baba mdogo akachungulia, akauliza kama ni malaria au nimechumbiwa. "Koleta, mpango wa nini? Si useme 'nipo' tu!" Maskini. Hajui sayansi.

Alhamisi, 13 Januari
Nilifika wa kwanza. Mzee Eliamini akaita jina la nyumba yetu. Nikavuta pumzi, kama nilivyopanga. Akaita tena. Nikavuta nyingine. Kuitika ndiko nilikosahau kupanga! Mzee akasema aliyelala apitwe. Mara sauti nyuma: "Babu, yupo! Huyo hapo, ana haya tu!" Doris. Wanaume wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Maji yakaingia shambani yakimetameta. Nililia.

Ijumaa, 14 Januari
Mjomba ameulizia betri zake. Anasema zilikufa tangu Krismasi, hata jua halikuzisaidia. Betri zilizokufa! Na bado nilipanga kila kitu isipokuwa neno moja, na neno hilo likamtoka Doris, kwa mbali, bila hata waya! Wiki ijayo nakwenda kuomba kazi kwa Bwana Isihaka. Itabidi kuongea.

Nimeanika betri nne.